Marini na Arinoti: Ngoma za Kushindana na Saikolojia ya Kundi

Mji wa Lamu una pande mbili, Mkomani kaskazini na Langoni kusini, na kati yake hapana ukuta wala mto. Ni vichochoro tu. Mombasa ya zamani nayo iliwahesabu wenyeji wake kwa mafungu mawili: Tisa Taifa, na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kwa pamoja waliitwa Thenashara Taifa. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa haikamiliki mpaka wanaume wa upande mmoja wawavae wa upande wa pili kwa vigogo vya migomba, huku wanawake wakiimba na kurushiana maneno. Miji mingi ya pwani ya Waswahili iliwahi kugawanyika kwa namna hii, na mgawanyiko huo ulikuwa na kazi yake: kumpa kila mtu wa kushindana naye.

Walishindana kwa mashairi, kwa mavazi ya arusi, kwa Maulidi, na zaidi ya yote kwa ngoma. Upande mmoja ukicheza usiku mmoja, wa pili hauna budi kujibu. Wale wakichinja ng'ombe wawili, hawa watatafuta wanne, hata kama ni kwa kukopa. Nyimbo zilitungwa kwa mafumbo ili mlengwa ajijue bila kutajwa, na asipate pa kushtaki. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, aliziona ngoma kuwa jambo la kuandikwa kwa kina sawa na ndoa, uganga na biashara ya msafara. Hakukosea. Aliyetaka kujua nani ni nani katika mji wa pwani alitazama nani anacheza na nani, na dhidi ya nani.

Katika miaka ya 1890 mashindano hayo ya kale yalivaa nguo mpya. Vijana wa pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, waliwaona wanamaji na askari wa Kiingereza wakipita kwa gwaride, mbele yao bendi ya tarumbeta na ngoma kubwa. Wakaichukua bendi, wakaiita beni. Wakashona sare, wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kiserikali, wakapanga safu, wakatembea mitaani kwa hatua moja. Mombasa ilikuwa na vyama kama Kingi na Skochi, cha kwanza kikijitukuza kwa jina la Mfalme, cha pili kwa Waskoti na magwanda yao. Wanawake walikuwa na vyao, hasa vya lelemama, ambayo haina fujo hata kidogo: wachezaji hupanga safu, huzungusha viganja na kuinamisha shingo taratibu, na ukali wote umewekwa katika maneno ya wimbo.

Kwa muda mrefu beni ilielezwa kuwa ni kuiga Wazungu tu. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba tarumbeta zilikuwa ngeni lakini ugomvi ulikuwa wa nyumbani. Vyama vilisimama juu ya migawanyiko ileile ya mitaa na nasaba iliyokuwepo kabla ya meli ya kwanza ya kivita kutia nanga Kilindini. Kilichobadilika ni silaha. Badala ya kushindana kwa ng'ombe peke yake, sasa walishindana pia kwa vifungo vya shaba na kwa nani anajua kupiga saluti.

Katika miaka hiyohiyo ya 1890, Ulaya na Marekani walianza kuliandikia kundi kama jambo la elimu. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon alitoa kitabu juu ya saikolojia ya umati. Kwake mtu mwenye akili timamu, akishaingia katika umati, hushuka ngazi na kuwa kiumbe wa hasira na kufuata upepo. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana aliangalia rekodi za mbio za baiskeli, kisha akawapa watoto kazi ya kuzungusha vigurudumu vya kuvutia uzi, akaona kwamba wengi wao huenda mbio zaidi wakiwa na mwenzao kando kuliko wakiwa peke yao. Wa kwanza aliogopa kundi. Wa pili alilipima. Saikolojia ya jamii imefuata zaidi njia ya Triplett, ingawa wakuu wa serikali za kikoloni waliendelea kumsikiliza Le Bon. Umati wa Le Bon, kwa kweli, haukuwa na mweka hazina. Chama cha beni kilikuwa naye, tena aliyedai ada.

Tanganyika chini ya Wajerumani, beni ilijipanga katika vyama viwili vikubwa: Marini, jina lenye asili ya wanamaji, na Arinoti. Marini ilisifika kuwa ya makarani, walimu na wazaliwa wa pwani waliojiona wastaarabu. Arinoti ilivuta zaidi watu wa kipato cha chini na waliotoka bara. Sifa hizo hazikuwa sheria, na mji hata mji zilibadilika. Jambo lisilobadilika ni kwamba palipokuwa na chama kimoja, cha pili hakikukosa. Mwanachama aliyehama kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora aliwakuta wenzake wakimngoja: walimpokea, walimtazama akiugua, na akifa mbali na kwao walimnunulia sanda. Faida hizo zote zingeweza kupatikana katika chama kimoja cha watu wote. Hawakukitaka.

Swali la kwa nini hawakukitaka lilipata jibu la kitaalamu mbali sana na Tabora, katika mji wa Bristol, Uingereza. Henri Tajfel alizaliwa Poland mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi, akasoma Ufaransa, akapigana katika jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajerumani. Alipoachiliwa mwisho wa vita alikuta jamaa zake karibu wote wameuawa. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba kuwekwa katika kundi fulani kunaweza kuwa suala la uhai na kifo. Alichotaka kujua ni chanzo: je, chuki inahitaji sababu kiasi gani ili ianze?

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 yaliwashangaza wengi. Aliwachukua wavulana 64 wa miaka 14 na 15, wa shule moja, akawaonyesha madoa kwenye skrini wakadirie idadi yake. Kisha wakaambiwa kwamba wamegawanywa kufuatana na makadirio yao, ingawa kwa kweli waligawanywa kiholela. Katika jaribio jingine mgawanyo ulidaiwa kutokana na nani anapenda picha za Paul Klee na nani za Wassily Kandinsky. Hapakuwa na kikao, wala wimbo, wala bendera. Mvulana hakujua hata nani yuko naye. Kila mmoja aliingizwa peke yake katika chumba kidogo, akapewa karatasi yenye safu za namba, achague ni senti ngapi zimwendee mtu wa kundi lake na ngapi wa kundi la pili, wote wawili wakijulikana kwa namba tu. Yeye mwenyewe hakupata chochote kutokana na chaguo lake.

Wavulana waliwapendelea wa kwao. Hilo pekee lingetosha, lakini kulikuwa na jambo la ajabu zaidi katika zile safu. Mara nyingi mvulana aliacha chaguo ambalo lingempa mwenzake fedha nyingi zaidi, akachagua lililompa kidogo, mradi yule wa upande wa pili apate kidogo zaidi. Mwanya kati ya wawili ulikuwa na uzito kuliko mali yenyewe.

Hapa ndipo karamu za pwani zinapoeleweka. Upande uliouza vito vya wake zao, ukakopa kwa wenye maduka, ukachinja ng'ombe mpaka ukabaki hauna kitu, haukuwa umepoteza akili. Hesabu yao haikuwa ya faida na hasara. Ilikuwa ya tofauti. Mwaka ukiisha sisi tukiwa na deni la mia na wao wakiwa na aibu, basi tumeshinda. Wasimamizi wa kikoloni waliandika juu ya ubadhirifu huu kwa mshangao, wakitaka kuupiga marufuku kwa ajili ya maslahi ya wenyeji. Wavulana wa Bristol wangewaelewa wenyeji hao vizuri zaidi.

Tajfel na mwanafunzi wake John Turner waliliweka jambo hili katika nadharia mwaka 1979. Mtu hujigawa yeye na wenzake katika mafungu. Hujitambua kwa fungu lake. Kisha hutafuta njia ya kulifanya fungu hilo lionekane bora, kwa sababu sehemu ya heshima yake mwenyewe imewekwa humo kama amana. Kulinganisha ndiko kunakotia utamu, na hakulinganishwi na yeyote tu. Leon Festinger alikwisha kusema mwaka 1954 kwamba watu hujipima kwa walio karibu nao kwa hali na uwezo. Kingi hawakujilinganisha na bendi ya jeshi la Mfalme, ingawa walichukua jina lake. Walijilinganisha na Skochi, mitaa michache tu kutoka kwao, kati ya watu waliosali nao na kuoana nao. Chama pinzani kikifa, kile kilichobaki nacho hupoteza ladha, na hilo lisimshangaze mtu.

Upande wa pili wa jambo hili ni ule unaotokea ndani ya mtu mmoja. Kijana wa mtaani hakuzaliwa na mapenzi ya tarumbeta. Aliingia kwa sababu kaka yake yumo au kwa sababu sare inapendeza. Akalipa ada, akashona kaptula, akasimama juani akifundishwa kugeuka kulia na kushoto, akakaripiwa na kanali ambaye mchana ni fundi cherehani. Baada ya mwaka mmoja akiulizwa, atasema hana chama ila hiki, na yuko tayari kugombana kwa ajili yake. Daryl Bem, ambaye maelezo yake yalikamilika mwaka 1972, angesema kijana huyo amejitazama kama anavyomtazama mtu mwingine: kwa kuwa najiona natembea na Marini kila Ijumaa, bila shaka mimi naipenda Marini. Imani haikutangulia tendo, ililifuata.

Kuna maelezo mengine yenye makali zaidi. Elliot Aronson na Judson Mills, mwaka 1959, waliwaalika wanafunzi wa kike kujiunga na kikundi cha mazungumzo. Baadhi waliingia bila shida. Wengine ilibidi kwanza wasome kwa sauti, mbele ya mtafiti, maneno ya kuaibisha. Mazungumzo yenyewe yalitengenezwa yawe ya kuchosha mno. Waliopitia aibu kubwa ndio waliosema kwamba kikundi kinavutia zaidi. Mtu aliyegharimika hawezi kukubali kwa urahisi kwamba amegharimikia upuuzi, kwa hiyo hukipandisha thamani alichokinunua. Kwa kipimo hicho, ada nzito na sare ya bei havikuwa kikwazo kwa vyama vya beni. Vilikuwa gundi.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuja mwaka 1914 na kuitawanya beni. Askari wa Wajerumani na wa Waingereza, pamoja na wapagazi wao wengi mno, walitembea kutoka Tanga hadi Msumbiji na Rhodesia, na ngoma ikaenda nao. Kandokando ya Ziwa Nyasa ikawa mganda na malipenga, tarumbeta za shaba zikigeuzwa vibuyu vya kupuliza. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ikaitwa Mbeni. Mtandao wa watu waliovaa vyeo vya kijeshi, waliovuka mipaka ya makoloni na kupokeana kila kituo, uliwatia hofu maofisa wa Kiingereza baada ya vita. Uchunguzi ulifanywa, na hapakuonekana njama. Hofu haikufa. Mgomo wa wachimba shaba wa mwaka 1935, ambapo watu 6 waliuawa kwa risasi Luanshya, uliletewa tume, na tume hiyo nayo ikauliza habari za Mbeni.

Ni Luanshya hiyohiyo, mwaka 1951, ambapo J. Clyde Mitchell, mtafiti wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, alisimama akitazama mjukuu wa beni: kalela. Wachezaji walikuwa vijana wa kabila la Wabisa, vibarua wa mgodini na mjini. Hawakuvaa ngozi wala manyoya. Walivaa suruali zilizopigwa pasi, fulana safi na viatu vinavyong'aa. Alikuwepo mfalme wao ndani ya suti. Alikuwepo daktari mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Na alikuwepo mwanamke mmoja tu, muuguzi, aliyepita katikati ya wachezaji akiwa na kioo na leso mkononi, ili kila mmoja ajitazame na kujifuta jasho asije akaonekana ovyo.

Charles Cooley, Mmarekani, aliandika mwaka 1902 kwamba mtu huijua nafsi yake kwa kujiona katika macho ya wengine, na macho hayo aliyaita kioo. Ilikuwa lugha ya picha. Luanshya waliishika picha hiyo kwa mkono na kuizungusha safu hata safu.

Mitchell alishikwa na kitendawili. Kalela ilijulikana kuwa ngoma ya kabila, na nyimbo zake zilisifu Ubisa na kuwatania makabila mengine, lakini hapakuwa na kitu chochote cha kabila katika mavazi wala katika mchezo. Alilieleza hivi katika chapisho lake la mwaka 1956: mjini, kabila si tena utawala wa chifu wala mila za kijijini, ni lebo ya kumsomea mgeni usiyemjua, ili ujue umsalimie vipi na umtanie kiasi gani. Ili kulipima jambo hilo alitumia chombo cha wanasaikolojia wa jamii, kipimo cha umbali wa kijamii alichokianzisha Emory Bogardus huko California katika miaka ya 1920. Mtu huulizwa: je, ungekubali mtu wa kabila fulani awe shemeji yako? Jirani yako? Mfanyakazi mwenzako? Au hata asiingie nchini? Bogardus aliwauliza Wamarekani juu ya Waitalia na Waturuki. Mitchell aliwauliza Waafrika juu ya Wabemba, Wangoni na Walozi, na akaona kwamba mtu hutofautisha kwa makini makabila ya jirani zake, bali ya mbali huyakusanya kapu moja.

Kipimo cha namna hiyo kina udhaifu wake, nao ulijulikana mapema. Richard LaPiere alizunguka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa jambo la kawaida. Waliingia katika hoteli na migahawa 251 na kukataliwa mara 1 tu. Baadaye LaPiere aliwaandikia wenye mahali hapo kuwauliza kama wangewapokea Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Aliyachapisha hayo mwaka 1934, na tangu hapo hakuna mwanasaikolojia anayeweza kudhani kwamba mtazamo wa mtu na tendo lake ni kitu kimoja.

Pwani isingeshangazwa na hilo. Maneno ya wimbo wa usiku yalikuwa makali kuliko matendo ya mchana. Mwanamke aliyefumbwa katika lelemama kwamba nyumba yake haina chumvi, asubuhi alituma mtoto kwa yuleyule aliyemfumba kuazima sinia. Ngoma ilikuwa na mahali pake na saa zake, na ukali ulioruhusiwa humo haukuruhusiwa sokoni. Si kwamba magomvi hayakutokea. Yalitokea, na ngumi zikarushwa, na polisi wakaitwa. Lakini aliyevuka mpaka alijulikana kuwa amevuka. Bara walikuwa na utaratibu wa jamaa moja na huo, yaani utani, unaomruhusu mtu wa kabila fulani kumtukana mtani wake msibani na kumchukulia mali yake, naye asikasirike.

Je, uhasimu wa namna hii unaweza kuzimwa? Muzafer Sherif, aliyezaliwa Uturuki na kufanya kazi Marekani, alijaribu kulijibu swali hilo kwa watoto. Majira ya joto ya mwaka 1954 aliwapeleka wavulana 22 wa karibu miaka 11 katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, wakiwa makundi mawili yasiyojuana. Yakajipa majina, Eagles na Rattlers. Yalipokutanishwa kwa michezo yenye zawadi, haikupita siku nyingi bendera zikachomwa moto na vibanda vikavamiwa. Kuwaweka pamoja kula na kutazama sinema hakukusaidia, walirushiana vyakula. Kilichosaidia ni shida ya wote: maji ya kambi yalipokatika, na lori la chakula liliposhindwa kuwaka, ikabidi walivute kwa kamba moja. Kamba ile ilikuwa ileile waliyoitumia kushindana kuvutana siku chache nyuma.

Mwaka uliofuata, Dar es Salaam, jaribio kama hilo lilifanyika bila mtafiti. TANU, chama cha kudai uhuru kilichoundwa Julai 1954, hakikuwa na wanawake wa kutosha. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alianza kuwaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma vya mjini, kimoja baada ya kingine. Vikundi vilivyozoea kupimana sare na mafumbo vilikuja na wanachama wao, na viongozi wao, na ustadi wao wa kukusanya michango na kujaza uwanja kwa taarifa ya siku moja. Chama hakikulazimika kuwafundisha wanawake hao namna ya kujipanga. Mkoloni waliyetaka aondoke ndiye aliyekuwa lori lao.

Mombasa mambo hayakunyooka hivyo. Vyama viwili vya lelemama vilivyopingana, Banu Saada na Ibinaal Watan, vilitoa viongozi wa jumuiya za wanawake wa Kiislamu zilizoanzishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya elimu na haki za kiraia. Lakini jumuiya zilizoundwa zilikuwa mbili, si moja, na kila upande ulikwenda zaidi na watu wake. Shabaha ilikuwa ya wote. Mazoea ya kuwa wawili yalikuwa na nguvu zaidi. Hilo nalo lina funzo kwa wanaomsoma Sherif kwa haraka, kwa sababu wavulana wake walikuwa na uhasimu wa muda mfupi tu, si wa vizazi vitatu.

Utafiti mkubwa wa saikolojia ya makundi ulifanywa Afrika Mashariki baada ya uhuru. Mwaka 1965 watu wa makabila 30, 10 katika kila nchi kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, waliulizwa juu ya makabila mengine: nani wanafanana nao, nani wangemkubali nyumbani, nani mwaminifu. Marilynn Brewer na Donald Campbell walichapisha matokeo mwaka 1976. Kama ilivyotazamiwa, kila kabila lilijipa alama za juu katika uaminifu na uadilifu. Kisichotazamiwa ni kwamba kujipenda huko hakukwenda sambamba na kuwachukia wengine. Kabila lililojisifu sana halikuwa lazima ndilo lililowadharau jirani zake. Kuwapenda wa kwetu na kuwachukia wa kwao ni mambo mawili, na moja linaweza kuwepo bila jingine. Brewer aliendelea kulitetea wazo hilo kwa miaka mingi dhidi ya wale walioona kundi kuwa ni mbegu ya vita tu.

Beni yenyewe ilikuwa imekwisha kufifia. Vijana wa miaka ya 1930 na 1940 walianza kupendelea dansi, magitaa na santuri, na baada ya vita ya pili sare za kanali zilionekana za kizee. Mashindano hayakufifia nayo, yalihama. Unguja yalikaa katika taarabu, ambako vikundi vya wanawake viliwahi kujiita Royal Air Force na Royal Navy, na katika miaka ya 1990 Dar es Salaam iliyashuhudia tena pale Tanzania One Theatre na Muungano walipopigana mipasho, mashabiki wakitunza noti kwa ubeti uliochoma zaidi.

Makao makubwa zaidi mashindano hayo yaliyapata kwenye mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka 1936 wapinzani wao wakajipanga kwa majina ya Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, mpaka mwaka 1971 walipojiita Simba. Magazeti huziita timu hizo watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Robert Cialdini na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba wanafunzi wa vyuo vya Marekani husema "tumeshinda" timu yao ikishinda, na "wamefungwa" ikishindwa. Asubuhi ya Jumatatu baada ya mechi, kijiwe chochote cha kahawa cha Dar es Salaam kitatoa ushahidi uleule bila dodoso. Klabu moja ina jengo lake Mtaa wa Msimbazi, nyingine Jangwani na Twiga, mwendo wa miguu tu kati yake. Zote ziko Kariakoo, mtaa uliorithi jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa vita ile ya 1914, waliokuwa miongoni mwa walioibeba beni kwenda bara.